Kitufe cha Sekunde Tano

Delphine Pascoe, mwalimu wa udereva wa mbio, alikuwa amelazwa chali kwenye changarawe za kona ya tano, kando ya gari la mafunzo lililoacha njia, na watu wa uwanja wa mbio wa Kurrajong Flat walishamfanya marehemu. Mmoja akamfunika koti usoni. Kumbe mama yu hai! Daktari ndiye aliyeona koti linapanda na kushuka.

Siku ya tatu Inspekta Thora Gilchrist wa polisi wa Victoria alimkuta hospitalini, mguu kwenye plasta.

"Nani alizima mtambo wa kuzuia gari kuteleza?"

"Mwanafunzi wangu anasemaje?"

"Anasema wewe."

Del akafumba macho. "Sikumbuki kitu, Inspekta. Asubuhi yote imefutika. Miaka ishirini na miwili nafundisha, sijawahi kumzimia mgeni mtambo huo. Lakini kama ni mimi, leseni na waichukue moja kwa moja. Sitafundisha tena."

Chama cha mbio kilikuwa kimeshaisimamisha. Thora alitoka pale moyo mzito. Mtu kujishuku mwenyewe ni adhabu mbaya kuliko jela.

Gerejini, mkaguzi wa magari alimwonyesha kitufe kando ya usukani.

"Ukikigusa tu, mtambo unalegea kidogo. Kuuzima kabisa, sharti gari lisimame, ushikilie sekunde tano. Kinasa data kinasema ulizimwa saa nne na dakika arobaini na mbili, gari likiwa kwenye egesho la mafundi, injini inanguruma."

Mlangoni mwa gari palikuwa na utepe wa karatasi, umeandikwa kwa kalamu nene.

"Na huu?"

"Upepo wa matairi. Mwalimu hushuka kupima yakiwa bado ya moto, anaandika kipimo na saa. Yakipoa, kipimo hakina maana."

Thora akasoma saa. Nne na arobaini na mbili.

"Saa zao unaziamini?"

"Watu wa mbio hawa! Kila asubuhi wanazilinganisha na za magari."

Kwenye dashibodi, juu ya taa ya njano ya tahadhari, palikuwa na kipande kingine cha utepe uleule. Thora aliagiza kichukuliwe alama za vidole.

Rowan Strickland, yule mwanafunzi wa Del, daktari wa meno wa miaka hamsini na sita, aliingia chumba cha mahojiano akiwa na bandeji ndogo tu kidevuni.

"Nani alizima?"

"Nimeshasema. Yeye."

"Akiwa nje, amechuchumaa kwenye tairi?"

Rowan akapapasa bandeji yake.

"Taa umeizibia nini, bwana? Alama ya dole gumba lako iko kwenye utepe."

"Nilikuwa..."

"Njia ya mwongo fupi, daktari. Sema."

Mabega yakamshuka. "Shemeji zangu hunicheka kila Jumapili tukichoma nyama. 'Rowan haendeshi, anaendeshwa.' Nilitaka mzunguko mmoja tu niwe mimi."

"Ungemwomba mwalimu."

"Angekataa."

"Na kumsingizia?"

"Alikuwa amefunikwa koti, Inspekta. Nikajua amekufa. Nikasema, maiti ana hasara gani?"

"Na ulipojua yu hai?"

"Nikaona haya," alisema, akaanza kulia. Thora hakumwonea huruma. Alimsukumia karatasi ya maelezo, akamwonyesha pa kusaini.

Jioni ileile alirudi hospitalini.

"Si wewe, Del. Ulikuwa nje, unapima upepo kama siku zote. Amekiri."

"Si mimi?"

"Si wewe. Leseni yako inarudishwa."

Del alilia kwa sauti, muuguzi akaja mbio, akafukuzwa kwa mkono. Alipotulia akauliza, "Na yule mjinga?"

"Mahakamani."

"Akimaliza yake, mwambie aje. Nitamfundisha kuzima. Kwenye lami iliyomwagiwa maji, mwendo wa baiskeli, mimi nimekaa pembeni yake."

"Baada ya haya yote?"

"Atazima tena, Inspekta, namjua. Bora siku hiyo ajue kuendesha."