Karatasi ya Chumba cha Seva

Jambo hili lilimpata rafiki yangu Mukunde, fundi wa kompyuta katika ghala moja la dawa kule Gisozi. Wiki hiyo mtu wa nje alikuwa ameingia mara tatu kwenye seva yao, na bosi wake, Kalisa, hakutaka kusikia.

"Mashine hii iko salama! Wadukuzi hata hawaijui," alifoka. "Badilisha nenosiri. Wakiingia tena, utaenda nyumbani."

Mukunde akashuka ngazi akisonya. Chumba cha seva hakina dirisha. Kwa hasira akachomoa waya wa intaneti, na kabla hajagusa kibodi, umeme ukakatika. Betri ya akiba, ambayo kwa miezi sita alikuwa akilia ibadilishwe, haikushika. Feni zikazima moja moja. Giza likawa zito, kimya kikamziba masikio.

Ndipo printa kuukuu ya pembeni ikaanza kugonga karatasi, taratibu: krrr, krrr.

"Nani?"

Ikanyamaza. Akawasha tochi ya simu. Kwenye karatasi palikuwa na neno moja: BIHOGO, jina la ng'ombe wa babu yake kule Karagwe. Ndilo nenosiri alilolichagua moyoni akiwa kwenye ngazi.