Kambi Tupu ya Nyakasenge

Wimbi la tatu ndilo lililomchukua Mwesiga. La kwanza lilizima injini, la pili likaulaza mtumbwi ubavu, na la tatu lilipopita, pale nyuma alipokuwa amesimama nahodha hapakuwa na mtu.

Kokwijuka alimwita mara mbili. Mvua ilipiga ziwa kwa nguvu hata sauti yake mwenyewe hakuisikia. Kisha mtumbwi ukabamizwa juu ya mwamba, mbao zikalia, na dada Yasmin akarushwa nje huku misumari ya ubao uliofunguka ikimchana mguu kutoka goti hadi karibu na kifundo.

Ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri. Asubuhi walipoondoka Muleba ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Yasmin, mzaliwa wa Bukoba mjini aliyekulia Dar es Salaam, alikuwa akizunguka visiwa vya Ziwa Victoria akipiga picha na kuandika kwenye simu vidokezo kwa wasafiri: walale wapi, wale nini, wabebe nini. Kokwijuka, binti wa Ijumbi mwenye miaka ishirini na miwili, alitumwa na nyumba ya wageni kumpikia na kumbebea mizigo. Kazi hiyo aliipenda kwa sababu haikudai maneno mengi. Mgeni anasema, wewe unaitikia.

Alimshika mgeni wake kwapani, wakakokotana hadi juu ya kisiwa. Alikijua. Kiliitwa Nyakasenge, kisiwa cha mawe na nyasi, na juu yake ilikuwepo kambi ya wavuvi wa dagaa: vibanda sita vya nyasi, na vichanja virefu vya kuanikia. Milango yote ilikuwa imefungwa kwa waya. Hapakuwa na redio, hapakuwa na mbwa.

"Watu wako wapi?" Yasmin aliuliza.

"Wamekwenda kwao."

"Wote?"

"Wote, dada. Ni mwezi mkubwa."

Dagaa hufuata taa. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote linang'aa, taa hazina kazi, basi wavuvi hufunga nyavu, hubeba taa zao na kurudi kwa wake zao hadi giza lianze tena kupatikana. Na Yasmin alizichagua siku zile kwa makusudi. Kisiwa, aliandika, kitembelewe mwezi ukiwa mpevu, picha zinapendeza. Alipolisema hilo pale nyumba ya wageni, Kokwijuka alikuwa anammiminia chai. Alijua kwamba ziwa litakuwa tupu. Alijua kwamba wakipata shida hakuna atakayepita. Lakini alikolelewa yeye, mgeni hasahihishwi. Akaongeza sukari, akanyamaza.

Simu zao zilikuwa chini ya maji. Ndani ya kikapu kilichonasa kwenye mtumbwi alikuta sufuria, chumvi, kiberiti cha gesi, ndizi nne, na pakiti ya kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na kukaushwa ambazo Mhaya humkaribisha nazo mgeni. Alichana kitenge chake vipande viwili: kimoja cha kufunga mguu, kingine cha kujifunika.

Jumamosi walisubiri kutafutwa. Kokwijuka alikaa juu ya jiwe la juu kabisa tangu kulipopambazuka. Maji kila upande, na mbali huko mstari wa bluu wa nchi kavu, mwembamba hata ukipepesa macho unaupoteza. Hapakupita hata mtumbwi wa makasia. Alishuka, akafungua mlango wa kibanda kimoja, akaokota dagaa waliobaki kwenye pembe za chanja, wagumu kama vijiti, akawachemsha. Yasmin alikula wanne akasema katika safari zake zote hajawahi kula kwenye hoteli yenye mandhari nzuri hivi. Kokwijuka hakujua kama acheke.

Jumapili mguu ulivimba. Aliusafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, na Yasmin aliuma ukanda wa kikapu asipige kelele. Saa hiyo kule Ijumbi kwaya ya Kilutheri ilikuwa inaimba. Kokwijuka alijiuliza kama yupo aliyeona nafasi yake kwenye sauti ya pili iko wazi, au wamesogea tu wakaijaza. Ni hilo lililomuuma kuliko njaa. Alizungumza na mgeni, lakini mgeni alikuwa na homa na alikuwa akijibu watu wengine wasiokuwepo.

Jumatatu Yasmin aliamka akili zimetulia. Alijiburuta kwa makalio hadi ulipokwama mtumbwi. Ubavu mmoja ulikuwa na tundu la kupitisha kichwa. Alisema wataliziba kwa nguo, mmoja apige kasia, mwingine achote maji kwa sufuria. Nchi kavu inaonekana, alisema, na yeye hawezi kukaa anangoja mguu wake uoze.

Kokwijuka alitazama ziwa. Upepo ulikuwa unatoka kusini, na mawimbi yalikuwa na vichwa vyeupe.

"Hatuendi," alisema.

Yasmin aligeuka kana kwamba jiwe ndilo lililosema.

"Tutazama kabla ya kufika nusu. Wavuvi watarudi Jumatano au Alhamisi, mwezi ukianza kuchelewa kutoka. Nimehesabu."

"Na kama hawarudi?"

"Watarudi, ndiyo riziki yao." Akageuka kumtazama. "Dada, nilijua. Uliposema mwezi mpevu, nilijua hakutakuwa na mtu huku. Nikanyamaza kwa sababu wewe ni mgeni."

Yasmin akacheka, kicheko kikavu kilichoishia kwenye kikohozi.

"Kidokezo cha kwanza," alisema. "Muulize anayekupikia."

Kuni kavu za kisiwa zilikuwa zimekwisha, na zilizobaki zilikuwa zimelowa mvua. Bila moto hakuna maji ya kusafishia kidonda. Kokwijuka aliokota jiwe kubwa, akalinyanyua kwa mikono miwili, akalipiga kwenye ubao wa mtumbwi. Ubao wa kwanza ulichukua mapigo saba. Yasmin alimtazama bila kumzuia, na wa tatu ulipong'oka aliuvuta yeye mwenyewe kuupeleka motoni.

Walichoma njia yao ya kuondokea, ubao kwa ubao.

Jumanne Kokwijuka aliweka nyasi mbichi motoni ili moshi upande juu. Ulipanda vizuri. Halafu, kuelekea adhuhuri, aliona moshi mwingine ukisimama katikati ya maji, na mwingine nyuma yake, mirefu, myeusi, ikipinda kwa upepo. Walikuwa ni wadudu wa ziwa, mamilioni, wanaoinuka majini majira hayo. Akaelewa. Kwa mtu aliyesimama Muleba, moshi wake ulikuwa wingu jingine tu la wadudu. Alikaa chini, akaweka punje ya kahawa mdomoni mwa Yasmin na nyingine mdomoni mwake, akatafuna taratibu.

Jumatano alasiri alisikia injini.

Ulikuwa mtumbwi uliojaa taa na nyavu. Mkuu wa kambi, mzee mmoja wa Bukoba aitwaye Awadhi, alisimama mbele akawakodolea macho, asishuke.

"Ninyi ni watu?" aliuliza.

"Ni watu, baba. Huyu ana kidonda."

Ndipo akaruka majini. Aliwaeleza wakiwa njiani: Mwesiga aliokolewa Jumamosi, ameng'ang'ania dumu, na aliapa kwamba aliona mtumbwi ukipasuka na wanawake wote wawili wakizama. Ndiyo maana hakuna aliyetafuta. "Kwenu wanalia tangu siku hiyo," alisema. Akampa Kokwijuka simu. Namba pekee aliyoijua kwa kichwa ilikuwa ya mama yake, nayo ilikuwa imezimwa.

Hospitalini, daktari alisema zingepita siku mbili zaidi, mguu wa Yasmin usingepona. Yasmin alimshika Kokwijuka mkono, hakutaka kuuachia. Naye alimwambia atarudi kesho, lakini leo lazima aende nyumbani. Alipanda bodaboda akiwa na kipande kile cha kitenge.

Kwao Ijumbi, waombolezaji walikuwa wameketi kwenye nyasi chini ya migomba. Mjomba wake Kagaruki alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Alikuwa mtoto mtulivu," alikuwa akisema. "Hakuwahi kumbishia mtu."

"Nilibisha, mjomba," alisema Kokwijuka.

Sahani ilianguka mahali fulani. Mama yake aliinuka polepole, ushungi ukimdondoka begani, akaja akamgusa uso, masikio, mikono, kama anayetafuta kilichopungua. Hakuna aliyepiga kelele. Uwanja mzima ulinyamaza, ukamngoja yeye aseme.