Maneno Chini ya Picha ya Mlinzi

Kila Ijumaa baada ya masomo, gazeti la ukutani lilitengenezwa kwenye stoo ya shule, kati ya madawati mabovu na ndoo za chokaa. Mwanafunzi aliyeitwa Jicho alipiga picha kwa simu ya mwalimu. Kalamu, msichana wa darasa la sita mwenye mwandiko mzuri, aliandika maelezo chini yake. Hawakuwa na desturi ya kuulizana.

Safari hii Kalamu alikuta picha ya mlinzi wa lango ameinama, mkono kwenye sikio la mtoto wa darasa la kwanza anayelia. Akaandika: “Mlinzi akimvuta mwanafunzi sikio.”

Jumatatu wazazi waliokuja kikaoni waliyasoma maneno hayo wakang'aka. Kabla ya mchana mlinzi aliambiwa akae nyumbani. Huenda angefukuzwa kazi.

“We Kalamu, umeandika nini?” Jicho alifoka. “Babu mlinzi alikuwa anamsaidia! Mdudu aliingia sikioni.”

“Mbona hukuniambia?”

“Mbona hukuniuliza? Mimi nilipiga picha, wewe ukapiga ramli!”

Kalamu akamtafuta yule mtoto.

“Babu alimulika tochi,” mtoto alisema. “Akanikataza kuchokonoa. Mdudu akatoka mwenyewe.”

Kalamu alirudi kuitazama picha. Kipande cha tochi kilionekana nyuma ya kichwa cha mtoto. Ijumaa hakukiona, kwa sababu alikwisha kuamua anachokiona.

Alimshika mtoto mkono wakaenda kwa mwalimu mkuu.

“Siku ile ulikuwepo langoni?” mwalimu mkuu alimwuliza Kalamu.

“Hapana, Mwalimu. Nilibuni.”

Mwalimu mkuu alimsikiliza mtoto, kisha akamwita mlinzi arudi kazini. Kalamu alibandika maelezo mapya, na chini yake akaandika kwamba yale ya kwanza hayakuwa kweli.

Kesho yake mlinzi alisimama mbele ya gazeti.

“Kha! Sura ile ile, mkono ule ule. Jana mkatili, leo tabibu!”

“Nisamehe, babu.”

“Nimekusamehe, mjukuu wangu. Ila siku nyingine njoo uniulize. Nipo langoni kutwa, nitakwenda wapi?”

Mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama karibu, hakucheka. “Picha haina mdomo,” alisema. “Anayeandika chini yake ndiye anayeisemea, na wasomaji humwamini. Usiisemee usilolijua.”

Ijumaa iliyofuata Jicho alileta picha mpya. Kalamu aliiweka kalamu mezani.

“Haya,” alisema, “nieleze. Hapa palitokea nini?”