Dawa Iliyoleta Marehemu

"Kipanga, Canter nyeupe imepita Bigwa. Inaelekea Matombo."

"Nimeiona, mkuu."

Hidaya, jasusi aliyeitwa Kipanga kazini, akakata simu na kuiongeza mwendo pikipiki yake, Boxer. Vumbi jekundu likamjaa kinywani. Lori lile la Canter lilibeba katoni arobaini za dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na kabla ya jioni wagonjwa wangekuwa wanazimeza.

Zilikuwa feki.

Taarifa ya kwanza kutoka milimani, baada ya mzigo wa mwezi uliopita, ilisema wagonjwa wanaota marehemu wao. Wazee wa ukoo wakapika pombe ya tambiko, wakaamua kwamba mizimu imezikataa dawa, zikamwagwa mtoni. Ofisini watu walicheka. Hidaya hakucheka. Yeye mwenyewe alimeza dawa ya zamani, yenye efavirenz, kwa miaka sita, na ndoto zile alizijua. Mama yake alikuwa akija na sanda yake, anakaa ukingoni mwa kitanda. Hidaya alipohamishiwa dawa mpya, dolutegravir, mama hakurudi tena.

Na chupa za milimani ziliandikwa dolutegravir.

Kwenye kona kali aliipita Canter, akaizibia njia. Brian, mwenye mzigo, akaruka chini na bastola.

Alichelewa. Glock ya Hidaya ililia mara moja, bastola ya Brian ikaangukia mtaroni.

"Piga magoti, kaka. Taratibu."

Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Alipasua katoni, akakiweka kidonge kimoja chini ya kifaa cha mkononi kinachomulika dawa na kusoma kilichomo. Kisha akapima kidonge chake mwenyewe, kutoka mfukoni.

Chake: dolutegravir.

Cha Brian: efavirenz, nguvu imeshuka chini ya nusu.

"Kwani si zote ARV, dada?" Brian alilalama. "Nimebadilisha chupa tu. Sumu sijampa mtu."

"Zimekwisha muda. Dozi pungufu inakifundisha kirusi kupigana."

Kikosi kilifika kumchukua. Simu ikaita.

"Bado mmoja, Kipanga. Bi Mwanvita. Ndiye pekee aliyekataa kumwaga zile za mwezi uliopita."

Alimkuta anaanika karafuu, amekonda, mifupa ya mabega imemtoka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimefuata ile chupa. Dawa yake mbovu, inakumaliza. Nimekuletea nzima. Kimoja kwa siku."

Bi Mwanvita aliitoa chupa kwenye pindo la kanga, lakini hakuiachia.

"Mwanangu Idrisa nilimzika mwaka juzi. Nikimeza hizi anakuja, anakaa pale mlangoni. Kwa hiyo yako atakuja?"

Hidaya angeweza kumdanganya. Kudanganya ndiyo kazi yake.

"Haji, bibi."

Kikongwe akatazama mlangoni.

"Basi niachie kimoja tu. Nimuage."

Hidaya alitamani kumpa. Alitamani na yeye abaki na kimoja. Akamfungua vidole polepole, kimoja kimoja, akaichukua chupa, akampa ile nzima, akasubiri mpaka bibi alipomeza kidonge kimoja na kunywa maji.

Kisha akavaa helmeti, akawasha pikipiki. Boxer iliteremka mlima bila kuyumba, huku mwendeshaji wake akilia.