Muhuri Wangu Kwenye Hita Iliyokufa

"Hita hii ilikufa miezi kumi na minne iliyopita. Leo asubuhi imewaka!"

Bi Nagumo, mkuu wa idara yetu, aliyasema hayo bila kunitazama. Macho yalikuwa kwenye kompyuta.

"Jana pia iliwaka. Na juzi. Kila siku saa kumi na mbili na dakika kumi. Baada ya dakika arobaini, inazimika."

Nikacheka. Nilidhani mashine imechanganyikiwa.

Akanigeuzia kioo.

"Sasa nieleze, Bwana Kuwabara. Huu muhuri uliothibitisha kifo chake ni wa nani?"

Nikatazama... Duara jekundu. Ndani yake, jina langu.



Ndugu zangu mnaosoma, sikuwahi kuigusa hita hiyo maishani mwangu!

Subirini niwaweke sawa kidogo.

Nimetangatanga sana hapa Japani. Nimebeba samaki Hokkaido, nimechimba mahandaki, nimelala zaidi kwenye mabweni ya vibarua kuliko nyumbani kwangu. Nikiwa na miaka sitini na moja ndipo kiwanda kimoja huku Niigata kikaniajiri. Kiwanda cha hita za mafuta ya taa.

Kazi yangu? Kuwinda.

Kulikuwa na toleo moja la hita lenye mpira wa kupitisha hewa unaopasuka ukizeeka. Ukipasuka, hita inatoa sumu chumbani. Haina harufu, haina rangi. Unasinzia, basi. Watu wanne walikufa hivyo. Kiwanda kikaapa kuzirudisha zote, hata ikichukua miaka ishirini.

Bahati ni kwamba kila hita ilikuwa na chipu ndani, ndogo kama punje ya mchele. Chipu ile ilijua hita ilizaliwa lini, nani aliifunga, iliuzwa wapi, ilitengenezwa mara ngapi. Ikiwashwa tu, inatuma salamu kiwandani. Sisi tuliiita kitabu cha uhai.

Na kila kitabu kina ukurasa wa mwisho. Hita inapita kwenye lango la mashine ya kusaga, lango linasoma chipu, mwindaji anagonga muhuri. Imekufa. Kuanzia hapo kompyuta haiisikilizi tena.

Wiki hiyo tu ndipo tulifungiwa kompyuta mpya, inayosikiliza kila kitu. Hata maiti.

"Ijumaa rais wa kampuni anatangaza mbele ya wanahabari kwamba tumemaliza," Bi Nagumo alisema. "Imebaki sifuri. Leo ni Jumatano. Na kuna mtu huko milimani anaota sumu kila asubuhi, kwa kibali chako."

"Mama, mimi sikuigonga hiyo!"

"Muhuri wako unakaa wapi?"

Nikageuka kuitazama meza yangu.

Unakaa kwenye droo ya meza hiyo. Wazi. Kama mihuri ya wengine wote mle ofisini. Mtu ukiwa safarini, mwenzako anakugongea, kazi inasonga. Ndivyo tulivyoishi miaka yote.

Na aliyekuwa akinigongea mimi ni mtu mmoja tu.

Isurugi.

Rafiki yangu wa miaka sita! Tumelala gari moja, tumekula tonge moja la wali kwenye theluji. Mke wangu alipofariki, yeye ndiye aliyenishika mkono kuokota mifupa baada ya mwili kuchomwa, kama ilivyo desturi ya huku.

Siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa.

Nilichukua gari la kazi peke yangu. Kompyuta ilinionyesha kinukta kwenye ramani, kijiji cha juu kabisa, saa mbili kwa gari. Jina la mwenye nyumba halikuwepo, maana hita ilinunuliwa kwenye duka lililofungwa zamani.

Njia nzima nilikuwa nahesabu. Nikifika nikakuta mtu kafa je? Nitasemaje? Kwamba jina langu lilikwenda kuua bila mimi?

Nyumba ilikuwa imezama kwenye theluji mpaka madirishani. Nikagonga. Kimya...

Nikagonga tena kwa ngumi.

Mlango ukafunguliwa na bibi kizee mfupi, mwembamba, macho meupe. Haoni vizuri. Nusura nimkumbatie kwa furaha!

"Karibu, karibu, ingia usigande," akasema. "Ni nani?"

"Natoka kiwandani, mama. Naitwa Kuwabara."

Uso wake ukang'aa.

"Kuwabara! Mwanangu anakutaja kila siku. Anasema wewe ni mwindaji namba moja! Tetsuo! We Tetsuo! Shuka huko juu, una mgeni!"

Koleo la kuzolea theluji likadondoka juu ya paa. Pwaa!

Nikatoka nje, nikainua macho. Juu ya paa, kwenye theluji ya kiuno, alikuwa amesimama Isurugi, Tetsuo wa mama huyo.

Tulitazamana.

"Umekuja," akasema.

"Shuka."

"Nimalize upande huu kwanza, paa litamwangukia mama."

"Isurugi, shuka kabla sijapanda!"

"Na magoti yako hayo? Utapanda na nini, winchi?"

Hata siku ile alinitania, jamani. Akashuka ngazi polepole. Hakukimbia. Aliingia ndani, akapiga magoti kwenye mkeka, akafungua mgongo wa hita mbele yangu.

"Tazama mwenyewe."

Mpira ulikuwa mpya. Safi kabisa.

"Niliubadilisha mwaka jana. Haina sumu hii. Mama anaijua kwa vidole. Nilimletea ile mpya ya bure ambayo kiwanda kinawabadilishia watu, akaunguza mkono, vitufe vyote laini havishikiki. Ndiyo maana hii niliipitisha langoni, ikasomwa, nikaitoa kwa mlango wa nyuma."

"Na chipu ukaiacha."

"Kusudi. Salamu zake nimeziunganisha na simu yangu, kila asubuhi naangalia. Ikiwaka, najua mama kaamka."

Bibi akaleta chai na figili za chumvi. Akampapasa mwanawe kichwani, mtu wa miaka sitini!

Nikacheka, machozi yakanitoka. Kumbe hakuna wa kufa! Kumbe ni mtoto anampenda mamake tu! Nikaanza hata kupanga uongo wa kumwambia Bi Nagumo.

Isurugi hakucheka.

"Kuwabara..." Akashusha sauti bibi asisikie. "Ule mpira niliutoa stoo. Ulikuwa wa mwisho. Ulikuwa mmoja."

"Sawa. Si ulitosha?"

Akaanza kufunga mgongo wa hita.

"Isurugi. Si ulitosha?"

"Wazee wengi walikuwa kama mama. Wananing'ang'ania mguu wanalia. 'Hii ni ya marehemu mume wangu, niachie.' Na ule ubao wa Jumatatu pale ofisini, unaoonyesha kila mtu kakamata ngapi na kaacha ngapi, na mimi ndiye wa kuziacha kila wiki..."

"Ulifanya nini?"

"Niling'oa chipu. Nikaitupa kwenye mashine peke yake. Lango likasoma imekufa. Hita nikaziacha majumbani."

"Zina mipira ya zamani?!"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Ngapi?"

"Kumi na moja. Kwa muhuri wako. Nilijua mtu hawezi kumshuku namba moja."

Ndugu zangu... mama yake alimwekea mpira mpya na sauti ya kumjulisha kila alfajiri kwamba yuko hai. Mama za wenzake akawakata ulimi, akawaachia sumu!

Nilimpiga. Sijutii. Bibi akapapasa hewani akiuliza, "Kimeanguka nini?" Isurugi akajibu, "Theluji tu, mama."

Nikampigia Bi Nagumo simu pale pale. Nilimwambia yote, na tarehe za muhuri alizonitajia Isurugi, maana nyumba zenyewe hakuzikumbuka zote.

Nikajua anaiwaza ile Ijumaa.

Kisha akasema, "Nasoma vitabu vya uhai vya zile kumi na moja. Kila moja iliwaka mara ya mwisho wapi. Andika."

Namshukuru mpaka leo. Alimtoa kila mtu ofisini, mpaka wahasibu, wakaingia kwenye magari. Tangazo la Ijumaa likafutwa.

Kufikia saa tisa mchana kumi zilikuwa zimepatikana. Wazee wote hai! Nyumba mbovu za vijijini zina nyufa, upepo unapita. Umaskini uliwaokoa.

Ya kumi na moja ilikuwa upande wangu. Nyumba ya mama mmoja, Bi Hatsue.

Nyumba ilikuwa baridi. Hakuna mtu. Hakuna hita.

Nikakimbilia jirani. Mama wa makamo akanifungulia, Bi Kiyono.

"Hatsue? Tumemchoma jana, masikini. Daktari kasema moyo. Miaka themanini na minne, ndiyo siku zake."



"Na hita yake? Hita yake iko wapi?"

"Tumegawana kumbukumbu zake. Binti kachukua nguo zake za kimono, mimi wakanipa hita. Mume wangu ni mgonjwa, anateseka na baridi. Njoo umwone! Tangu jana analala kama mtoto. Na mashavu yamerudi rangi, mekundu!"

Mashavu mekundu... Ndivyo sumu ile inavyowapaka watu rangi.

Nilipita na viatu vyangu ndani, kitu ambacho huku hata mwizi anakionea haya. Chumba kidogo, kipya, madirisha ya vioo viwili. Hakuna ufa hata wa kupitisha uzi. Mzee amelala chali, mashavu kama ya bibi harusi. Hita inanguruma taratibu miguuni pake.

Nikaibeba ikiwa inawaka! Viganja vikaungua, hata sasa ninapoandika vina makovu. Nikavunja dirisha nayo, nikaitupa kwenye theluji.

Bi Kiyono anapiga kelele. Mimi nampiga mzee makofi usoni.

"Mzee! Amka! Mzee!"

Hakuna.

"Amka, baba, nakuomba!"

Upepo wa theluji ukaingia. Muda ukapita, sijui kiasi gani. Kisha jicho moja likafunguka.

"Nani mpumbavu... kafungua dirisha?" akanong'ona.

Sijawahi kupewa tusi tamu hivyo.

Nikamweleza Bi Kiyono. Alinisikiliza akiwa amekaa sakafuni, vioo vimemzunguka. Mwishoni akasema taratibu:

"Na Hatsue alikuwa na rangi hiyo hiyo jenezani. Sisi tukasema, tazama alivyopendeza."

Isurugi yuko mahabusu. Mimi nilifukuzwa kazi, na ni haki.

Ndiyo, haki. Msiniite shujaa kwenye maoni huko chini, kuna kitu sijawaambia.

Binti wa Bi Hatsue alikuja kuniona. Hakulia. Alikaa mbele yangu na nguo nyeusi, akaniuliza maswali mawili tu.

"Ubaoni uliandikiwa hita ngapi?"

"Hamsini na tatu."

"Na wewe ulijua umekamata ngapi?"

Ningeweza kumwambia mimi ni mzee, nasahau. Lakini mikono haisahau ilichobeba.

"Arobaini na moja," nikasema. "Nilijua tangu ilipozidi ya kwanza. Walinipigia makofi. Sijawahi kupigiwa makofi maishani. Nikanyamaza."

Akainama, akasema asante kwa kunijibu, akaondoka.

Ningependa angenitemea mate.

Chipu haikusema uongo hata siku moja, wala kompyuta. Uongo ulipita kwenye droo iliyo wazi na mzee mmoja anayependa kusifiwa. Ukisifiwa kwa kazi usiyoifanya, ndugu yangu, uliza siku hiyo hiyo aliyeifanya ni nani, na aliifanyaje. Mimi nilichelewa kuuliza, na Bi Hatsue akawasha hita yake, akajifunika blanketi, akasinzia.