Viazi Vitamu Saa Mbili na Dakika Kumi

Kila Jumapili, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Kusunose Chihaya alinunua vipande vitano vya viazi vitamu vya kukaanga katika soko la barabarani la mji wa Kochi. Si vinne, si sita. Aliteremka kwenye tramu kituo kimoja kabla ya soko ili asibanwe mlangoni, akapita upande wa kivuli, akasimama kwenye foleni, na kipande cha kwanza akakila kingali kinaunguza ulimi. Kwa mpango huo aliweza kuyavumilia makelele ya soko zima, maana alijua yanaishia wapi.

Jumapili moja ya mwezi wa tano, kibanda hakikuwapo. Mahali pake aliketi mzee akiuza visu.

Chihaya alisimama palepale. Alivaa gauni la kitani rangi ya majani makavu, lenye mifuko mikubwa, na lebo zote za shingoni alikuwa amezikata kwa mkasi. Watu walimpita kulia na kushoto. Kikapu cha mtu kikamgonga kiunoni. Muuza tangawizi akapiga kelele sikioni mwake kana kwamba anamwita mtu wa ng'ambo ya mto. Chihaya akaziba masikio kwa viganja vyake.

"Wamehamia karibu na mwisho wa soko," sauti ya kiume ilisema. "Hatua mia tatu na kumi na mbili kutoka hapa. Hizo ni zangu. Zako zitazidi, una miguu mifupi."

Akageuka. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limefungwa vifungo vyote mpaka kooni, mwavuli mweusi mkononi, na juu mbingu ilikuwa nyeupe pe, haina wingu hata la kusingizia.

"Nani kakuambia namtafuta muuza viazi?"

"Hakuna. Mimi ndiye namtafuta. Kila Jumapili unakuwa mbele yangu kwenye foleni. Leo umesimama hapa kama nguzo, nikajua."

"Na huo mwavuli?"

"Ni mwavuli."

Chihaya akacheka, jambo ambalo hakulitarajia. Wakaenda, yeye mbele, mwenye mwavuli nyuma, bila kusemezana. Kila mtu alinunua chake, kila mtu akala kwake. Yule kijana akainamisha kichwa kidogo, akaenda zake. Chihaya alikuwa amezihesabu hatua. Zilikuwa mia tatu na themanini na tisa, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Huko kukosa mtu wa kumwambia ndiko kulikomsumbua mwaka ule. Majira ya baridi daktari alimwambia kwamba ana usonji, na kwamba huenda alizaliwa nao. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye, alimenya chungwa zima kabla ya kujibu. "Daktari amesema, tumesikia," alisema. "Yaishie humu ndani."

Yakaishia humo ndani. Lakini Chihaya alianza kutafuta wenzake. Zahanati ilimpa orodha ya makundi matatu, naye akapiga simu moja baada ya nyingine wakati wa chakula cha mchana, akiwa amejibanza kwenye ngazi za kiwanda cha karatasi alikofanya kazi.

"Karibu sana, mama," ilisema sauti ya kwanza. "Mtoto wako ana miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa. Ni mimi."

"Ah. Sisi ni wazazi wa watoto wadogo, dada. Watu wazima... kwa kweli sijui huwa wanakwenda wapi."

Kundi la pili lilikuwa ng'ambo ya milima, saa tatu kwa treni. La tatu namba yake haikuita kabisa. Chihaya akaikunja orodha mara nne, akaitia mfukoni, akarudi kukagua karatasi.

Alilipata kundi pale ambapo hakutafuta. Katika ubao wa matangazo wa maktaba, baina ya paka aliyepotea na mafunzo ya kuvaa kimono, vazi la jadi la kufungwa mkanda, palikuwa na kijikaratasi: *Watu wazima wenye usonji. Jumamosi ya pili ya kila mwezi, ukumbi wa wananchi, ghorofa ya pili. Chai ipo. Si lazima kuongea.*

Maneno ya mwisho ndiyo yaliyompeleka. Alimwambia mama yake kwamba anakwenda kujifunza kuvaa kimono.

Walikuwa watu sita, wamekaa mbalimbali, taa za dari zimezimwa, mapazia nusu. Mwenyekiti alikuwa Bi. Chikamori, mpishi wa shule aliyestaafu, mwenye nywele fupi za mvi na aproni ambayo hakuivua hata alipokuwa hapiki.

"Hapa, ukiniacha mimi, hatutumii majina, mwanangu. Chagua la utani."

Kwenye kalenda ya ukutani palichorwa konokono juu ya jani. "Konokono," alisema Chihaya, akajuta papo hapo.

"Hatua ngapi?" sauti iliuliza kutoka dirishani.

Mwavuli mweusi uliegemezwa ukutani, na karibu yake alikaa mwenye mwavuli, vifungo mpaka kooni.

"Mia tatu na themanini na tisa."

"Nilisema zitazidi," alijibu yule kijana, akaonekana ameridhika sana. Humo ndani waliitana Mwavuli na Konokono.

Kanuni zilikuwa nane, zimebandikwa mlangoni. Ya tano ilikataza kupeana namba za simu ukumbini. Ya saba ilisema: *Tukikutana nje, mtu asimsalimie mwenzake wala asionyeshe kumjua, isipokuwa wamekubaliana kwa maneno.* Chihaya alizisoma zote mara mbili na kuziona za haki. Wengine pale hawakuwa wamewaambia hata ndugu zao.

Mwezi wa sita akakaa viti viwili kutoka kwa Mwavuli. Wa saba, kiti kimoja. Mwavuli alifanya kazi karakana ya tramu, akipaka magurudumu grisi, na aliweza kuitambua tramu kwa mlio wake akiwa amefumba macho.

"Mwongo," Chihaya alimwambia.

"Sidanganyi. Sijui inavyofanywa."

"Haya, hiyo inayopita sasa?"

"Ile ya kijani. Breki ya kushoto inalalamika kama mama mkwe."

"Una mama mkwe wewe?"

"Sina." Akafikiri. "Nafasi iko wazi."

Bi. Chikamori akakohoa kwenye chai yake. Chihaya akawa mwekundu mpaka masikioni, na usiku ule mama yake alipouliza mafunzo yanaendaje, alisema yanaendelea vizuri mno.

Mwezi wa tisa, wakiwa wanavaa viatu mlangoni, Chihaya aliona kwamba asiposema siku ile, hatasema tena. Maneno yenyewe alikuwa ameyafanyia mazoezi mbele ya kioo wiki nzima. Akasema, "Mimi bado nakula viazi kila Jumapili. Saa mbili na dakika kumi."

"Najua," alisema Mwavuli. "Mimi nimehamishwa zamu. Sasa sokoni nakwenda saa nne."

"Aa."

"Lakini kesho sina kazi."

"Basi," alisema Chihaya, akifunga kamba za kiatu ambazo zilikwisha kufungwa, "kesho mimi nitakuwa huko saa mbili na dakika kumi."

"Sawa," alisema Mwavuli.

Chihaya alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Lakini asubuhi yake mama yake alikuwa ameshavaa kofia ya jua na kushika mkoba wake wa magurudumu. "Leo tunakwenda wote. Nataka biringanya." Hakuna aliyemshinda mama yule akitaka biringanya.

Saa mbili na dakika kumi barabara Mwavuli alitokea. Siku hiyo alivaa shati la samawati, lina mistari ya pasi mikononi. Aliwaona. Chihaya akainua mkono.

Mwavuli aliutazama ule mkono. Akamtazama mama. Kisha, chini ya jua kali, akafungua mwavuli wake, akajifunika uso, akawapita karibu kiasi cha kuguswa, asiseme neno.

"Nani yule?" mama aliuliza.

Chihaya aliushusha mkono. "Sijui."

Nyumbani alijifungia chumbani. Nilipokuwa mgeni kwake alinisemesha, aliwaza. Sasa ananijua, ananipita kama jiwe la njiani. Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi hakwenda ukumbini. Ya mwezi wa kumi na moja hakwenda pia. Jumapili hakutoka. Mama yake akamletea viazi vya kukaanga kutoka dukani, vipande sita, naye akavitazama mpaka vikapoa.

Siku ya nne baada ya hapo simu ililia.

"Konokono? Chikamori hapa. Nina namba yako kwenye fomu, kwa hiyo sivunji kanuni. Unaumwa?"

"Hapana, mama. Sitakuja tena. Samahani."

"Humo ndani kuna mtu kakuudhi?"

"Humo ndani, hapana."

"Ooh," alisema Bi. Chikamori, na Chihaya akasikia kikombe kikiwekwa mezani. "Yuko mmoja, miezi miwili hii anaweka mwavuli wake kwenye kiti kilicho jirani naye. Mtu akitaka kukaa, anasema kiti kina mwenyewe."

"Mbona sokoni alinipita? Nilimpungia, mama! Akajifunika uso kama kaona mwizi."

"Ulikuwa peke yako?"

"Nilikuwa na mama yangu."

"Mama yako anajua unakokwenda Jumamosi?"

Chihaya alisogea, akausukuma mlango wa chumba ufunge vizuri.

"Ninyi watoto mtaniua," alisema Bi. Chikamori. "Kanuni ya saba inasemaje?"

"Isipokuwa wamekubaliana kwa maneno. Lakini tulikubaliana! Nilimwambia saa!"

"Ulimwambia saa. Ulimwambia njoo?"

Chihaya aliyarudia kimoyomoyo maneno ya siku ile; neno la njoo halikuwamo.

"Kwa nini anaishika kanuni ile kama roho yake, hilo si langu kulisema. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Muulize. Jumapili huwa yuko kwenye foleni, nasikia. Kabadilishana zamu na mtu."

Jumapili Chihaya alivaa lile gauni la kitani, na juu yake sweta ya pamba laini, maana upepo ulikuwa umeanza kuuma. Akasimama mbele ya mlango wa mama yake.

"Mama, twende sokoni wote."

"Kuna nini?"

"Kuna kitu nataka ukione."

Mwavuli alikuwa kwenye foleni, wa tatu kutoka mbele. Aliwaona wakija. Chihaya aliuona mkono wake ukishuka kwenye kitufe cha mwavuli, akawahi kuushika mwavuli wenyewe.

"Usiufungue."

"Siruhusiwi kukujua," alinong'ona Mwavuli, akiangalia viatu vyake.

"Nakuruhusu. Kwa maneno." Chihaya aligeuka. Muuza tangawizi, ambaye naye alikuwa amehamia upande huu, alikuwa akipiga kelele zake zilezile. "Mama, siendi mafunzo ya kimono. Nakwenda kwenye kundi la watu wazima wenye usonji. Nina wenzangu kule. Huyu ni mmoja wao."

Mama alimtazama binti yake, akamtazama kijana, akautazama mwavuli. Watu wa nyuma kwenye foleni nao walitazama.

"Ndiyo maana mpaka leo hujui kufunga mkanda wa kimono," alisema mwishowe. Akavuta mkoba wake. "Nitakuwa kwenye biringanya. Msinikimbilie."

Walipobaki wawili Mwavuli alisema haraka, kama mtu anayesoma. "Ile kanuni niliiomba mimi. Miaka mitatu iliyopita nilimsalimia mwenzetu dukani, mbele ya mkuu wake wa kazi. Nikamwita jina la kundi. Mkuu akauliza mnajuana wapi, nikamwambia. Kusema uongo sijui. Hakurudi tena kwenye kundi. Sikupata hata pa kumwombea radhi. Siku ile nikakuona na mtu nisiyemjua. Nikasema, huyu sitamharibia. Kisha hukuja, nikaona nimeharibu vilevile."

Foleni ikasogea. Wakasogea nayo.

"Naitwa Okabayashi Yasuki," aliongeza. "Kama inaruhusiwa."

"Kusunose Chihaya."

"Vingapi, dada?" aliuliza muuza viazi, ambaye hakuwa na haja ya kuuliza. "Vitano?"

"Kumi," alisema Chihaya.

Mfuko ulikuwa wa moto. Aliukumbatia kifuani, akavuta pumzi. Yasuki alikuwa akisubiri, mwavuli umefungwa, macho yake kwenye kifungo cha sweta ya Chihaya.

"Mwezi wa tisa nilikuambia saa ninayokula viazi. Ulidhani nini?"

"Nilidhani ni ratiba yako."

"Haikuwa ratiba," alisema Chihaya, kwa sauti ambayo hata muuza tangawizi aliisikia. "Nilikuwa nakuambia nakupenda, njoo tule pamoja."