Mkemia na Rubani wa Droni

Walikutana mbele ya lifti, ndani ya jengo la maduka ya vifaa vya umeme, mchana wenye msongamano na kelele. Mwanamume alikuwa rubani wa droni za hospitali, shati la rangi ya chungwa, mkononi betri iliyovimba. Mwanamke mwenye gauni la kijani, nywele kazibana kwa penseli, alirudi nyuma.

"Kaka, hiyo iweke chini. Itakulipukia."

"Dada, wewe ni fundi?"

"Mkemia. Betri ndiyo kazi yangu."

"Basi nitengenezee nyepesi. Droni yangu hupeleka damu kwa wagonjwa, na nusu ya nguvu inaishia kuibeba betri yenyewe."

"Nyepesi ipo, ya lithiamu na salfa. Ila haidumu. Kila ukichaji, salfa inayeyuka kwenye kimiminika cha ndani na kutangatanga. Natafuta kimiminika kitakachoituliza."

"Na mimi natafuta wa kunituliza."

Mwanamke alicheka bila kutaka. Lifti ilifika ikaondoka, nao wamesimama palepale.

Wakapendana. Kila mchana rubani alipiga simu. "Salfa wangu, umetulia?" "Bado natangatanga, mpenzi. Betri ya leo nayo imekufa."

Siku moja simu ikapokewa na mwanamume. "Hawezi kuongea, mikono yake haina nafasi," alisema, kisha akasikika akinong'ona, "Taratibu, mpenzi, usiitoe." Simu ikakatika.

Rubani hakuuliza. Mkemia alipiga, akapiga tena, rubani hakupokea. Wiki zikapita.

Dada yake rubani, muuguzi, ndiye aliyemzindua. "Umemuuliza?"

"Sina haja. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Masikio yako hayajaona kitu. Nenda!"

Akaenda maabara. Kupitia kioo alimwona mkemia, mikono imezama hadi viwikoni ndani ya glavu ndefu za mpira zilizofungwa kwenye sanduku lisilopitisha hewa. Pembeni yake alisimama bosi, mzee mwenye mvi. Mzee akamgeukia mlinzi: "Mpenzi, mfungulie mgeni mlango."

Rubani aliitambua sauti: ni ileile ya kwenye simu.

Mkemia hakuharakisha. Alimaliza kazi, akatoa mikono, akaikausha jasho.

"Umefuata nini?"

"Radhi. Nilisikia anakuita mpenzi."

"Huita kila mtu hivyo. Ungeuliza, ningekujibu kwa neno moja. Mimi nilidhani umepata ajali. Nilipiga hospitali kuulizia maiti."

Macho ya rubani yakakimbilia kwenye skrini, ambako mstari wa chaji ulikwenda sawa bila kushuka.

"Imetulia?"

"Kimiminika kipya. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua. Sikukupata."

Mzee alijikohoza, akatoka.

"Nataka kuja kwenu na wazee wangu," rubani akasema. "Kama bado nina nafasi."

"Njoo Jumamosi," mkemia akasema. "Ukininyamazia tena, usirudi. Na usichelewe, mama hapendi kusubiri."